Rezo ya Kumfikia Papa

Nilipoingia kwenye ofisi ya kwanza ya intaneti hapa Goma, swali langu lilikuwa moja tu: "Hii rezo yenu inashika kwetu?"

Dada aliyekaa nyuma ya meza, kucha zake zimepakwa rangi ya zambarau, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamtajia kilima. Hakukijua. Nikamtajia soko lililo chini ya kilima. Hilo pia hakulijua. "Masisi," nikasema, "kule juu, kwenye ng'ombe." Akacheka kidogo, akasema, "Mama, intaneti ya nyumba inashika kwa nyumba. Masisi inaingia wapi?" Nikakasirika pale pale. Mimi ni mtu wa kukasirika haraka, sikatai. Mume wangu husema hasira yangu ni kama maziwa jikoni, ukigeuza shingo tu imeshamwagika.

Lakini kwetu njo vile tunachagua. Kila kilima kina rezo yake, mtandao wake wa simu. Mtu anayepanda kumtembelea shemeji anabadilisha kadi ya simu njiani, na hakuna anayeshangaa. Ukitaka kumpigia mtu, unauliza kwanza iko kilima gani, halafu unatafuta kadi ya kilima hicho. Kwa hiyo mtu akiniambia ninunue intaneti bila kuuliza inafika wapi, naona ananiambia nipande gari bila kuuliza linaelekea Sake ao linaelekea Rutshuru. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba yule dada alisema kweli. Ukishaingia kwenye intaneti, iwe ya waya, iwe ya antena, unatokea popote. Siku ile sikuelewa, na hata ningeelewa nisingekubali, kwa sababu alikuwa amenicheka.

Nilikuwa na sababu yangu, na haikuwa mpira wala sinema kama mume wangu alivyowaambia majirani. Nilitaka Papa yangu, baba yangu mzazi, amuone mtoto wetu wa mwisho. Basi. Papa alikuwa mfugaji huko juu, mtu wa ng'ombe na bido, madumu yale ya maziwa, na tangu mtoto huyo azaliwe hapa mjini barabara ilikuwa inafunguka wiki moja na kufungwa miezi. Mimi sikuweza kupanda, yeye hakuweza kushuka. Simu ya kawaida haikusaidia tena, maana masikio yake yalikuwa yamekufa. Ukimsalimia, anaitazama simu, anamrudishia kaka yangu, anasema kitu hiki kinalia kama nyuki. Macho njo yalikuwa yamebaki, na hayo pia kaka alisema yameanza kupata ukungu. Mara ya mwisho nilipoisikia sauti ya Papa, alikuwa anapiga kelele nyuma ya kaka: "Mwambie anionyeshe huyo mutoto! Sauti abaki nayo!"

Njo nikaamua kuweka intaneti nyumbani, ile ya kweli, ya kuonana uso kwa uso bila mega za kadi ya simu kuisha katikati ya jambo.

Mume wangu ni mtu wa Walikale, wa Buleusa, ukoo wa mihogo na maharage na maneno ya polepole. Yeye alitaka intaneti ya dishi, ile sahani ndogo nyeupe inayowekwa juu ya mabati.

"Kwetu Buleusa," akasema, "mwenye duka mumoja ameweka dishi. Batu banakaa kwa kiti, banaongea na Kanada."

"Kwenu banaongea na Kanada. Mimi nataka kuongea na Papa."

"Mama ya batoto, dishi inaongea na kila muntu."

"Na ile ya dada wa kucha iko na munara kwa kilima cha kwetu. Nimeiona kwa macho yangu tangu niko mutoto. Wewe unaniletea sahani!"

Tulikaa na neno hilo wiki nzima. Nyumba moja, vilima viwili. Akila anataja dishi, nikipiga pasi nataja mnara. Kulikuwa na kampuni ya tatu pia, ya waya unaopita juu ya nguzo kwenye barabara ya lami, lakini hiyo sisi wote wawili tuliikataa bila kuongea, kwa sababu ya waya: kwetu na kwao waya haudumu, kesho utaukuta umefunga mbuzi. Kwamba waya wenyewe ungepita Goma tu, mahali ambapo mbuzi ni wachache, hilo hatukulifikiria. Mwishowe nilishinda, si kwa sababu nilikuwa na haki, bali kwa sababu nina sauti. Nikarudi kwa dada wa kucha za zambarau, nikatia sahihi, nikabeba kisanduku cheupe kwenye kikapu pamoja na nyanya.

Simu ya kwanza ilikuwa siku ya soko. Kaka yangu, mkubwa wangu anayechunga ng'ombe za nyumbani, alitembea mpaka sokoni, mahali maziwa yanapokusanywa, maana pale rezo huwa na nguvu. Nikamvalisha mtoto gauni la Pasaka, nikamweka mbele ya simu. Kilichotokea kilikuwa doa la kahawia lenye kofia. Nikajua ni kaka kwa sababu ya kofia.

"Papa iko?"

"Iko."

"Mubona hukukuya naye?"

"Njia inateleza. Amelala. Rezo iko mubaya, dada, sikusikie muzuri."

Ikakatika. Soko lililofuata, Papa alikuwa na mafua. Lililofuata tena, mvua. Halafu alikuwa amekwenda kuangalia ndama, na mimi nikafurahi, nikamwambia mume wangu, umeona, mzee bado ana nguvu ya kufuata ndama. Kila mara lile doa lenye kofia lilisema rezo ni mbaya, na kila mara nilikubali, kwa kuwa nilikuwa naona mwenyewe ilivyo mbaya. Nilirudi kwenye ile ofisi nikasimama katikati ya watu, nikawaambia wananiuzia upepo kwenye sanduku. Wakanibadilishia sanduku. Wakaniambia niliweke dirishani. Nikaliweka dirishani. Nikaliweka juu ya kabati. Nikaliweka juu ya Biblia, juu ya kabati, dirishani. Doa likabaki doa.

Lazima niseme hapa nilikuwa mtu wa namna gani wakati huo, vinginevyo mtu atafikiri nilikuwa nalia kila siku. Sikuwa nalia. Kelele hizo za ofisini zilikuwa mdomoni tu. Ndani hakukuwa na kitu. Tulikuwa tumesikia milio ya bunduki mpaka watoto wakawa wanaendelea kula. Shule ninayofanyia kazi, mimi ni mwandishi wa ofisi pale, ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa, na kila ikifunguliwa nilikuwa nafuta majina kwenye orodha na kuandika mengine, bila kuuliza yale ya kwanza yamekwenda wapi. Moyo wangu ulikufa ganzi kama mguu uliokaliwa kwenye misa ndefu. Ukiugusa unajua ni wako, lakini ni kama wa jirani. Nilikuwa nachagua intaneti kama mtu anavyochagua sabuni, na nilitaka Papa amuone mtoto kama mtu anavyotaka kumaliza kazi aliyoahidi. Nasema hivyo kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mume wangu hakunisema. Alingoja mpaka siku nilipokipiga kile kisanduku kofi, akasema kwa sauti yake ya Buleusa, "Sasa tujaribu sahani?"

"Fanya unavyotaka," nikamwambia. "Mimi nimechoka na maneno ya rezo."

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi, mzee wa makamo mwenye mkanda wa vifaa kiunoni. Akazunguka nyumba akitazama juu, akaomba ngazi, akapanda. Nikasimama chini juu ya mawe ya volkano nikimwangalia, mikono kiunoni, na sikuweza kujizuia kumuuliza, nikimwita kwa heshima kama tunavyomwita kila mzee.

"Papa, hii inashika Masisi?"

Huyu hakucheka. Akafunga skrubu yake kwanza. "Mama, hii haitafute Masisi. Hii inatafuta mbingu. Masisi nayo iko chini ya mbingu ile ile. Kama kule kwao ni muzuri, utabaona mpaka meno."

Kule kwao kulikuwa kumekuwa kuzuri. Mwezi huo mfanyabiashara mmoja wa sokoni, anayenunua maziwa, alikuwa ameweka dishi lake pia, na watu walikuwa wanapanga mstari kwenye kibaraza chake. Kaka alinitumia ujumbe kwamba Jumapili baada ya ibada watakuwa pale, familia nzima, kwa sababu watoto wanataka kuona Goma. Hakutaja Papa. Mimi nikasoma "familia nzima" na nikamsoma Papa ndani yake.

Jumapili hiyo nikamvalisha mtoto lile gauni, ambalo sasa lilikuwa limembana kwapani. Tukakaa kwenye kochi, mume wangu, mtoto, na mimi. Simu ikalia mara moja tu, picha ikafunguka.

Mungu wangu, ilikuwa safi! Niliona kibaraza. Niliona bido za maziwa zimepangwa na nzi juu ya vifuniko. Niliona ukungu ukishuka nyuma ya mabati, ule ukungu wetu wa saa tisa. Nilimwona kaka na ile kofia yake, na ndevu zake ambazo sikujua zimeingia mvi. Akacheka kwa mshangao, naye alikuwa ananiona. Akamshika mke wake bega akamvuta mbele, na watoto wao wakajisukuma wote watano ndani ya picha, kelele, "Shangazi! Shangazi!"

Mke wa kaka alikuwa amenyolewa. Watoto wote watano walikuwa wamenyolewa, wasichana pia, vichwa vitupu vinang'aa. Mmoja wao akaivuta kofia ya baba yake kwa mchezo, ikatoka, na kichwa cha kaka kilikuwa hivyo hivyo.

Kwetu hatunyoi hivyo kwa ajili ya chawa. Nyumba nzima hunyolewa siku ya kumaliza matanga, wakati kilio kimekwisha na watu wanarudi kwenye kazi zao. Wazee walisema mficha maradhi, kilio humuumbua. Hapa kilio kilikuwa kimefichwa vizuri sana, ila macho hayana pazia, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeyalipia macho hayo. Niliangalia vile vichwa kimoja kimoja. Nikatafuta kwenye picha kichwa chenye nywele nyeupe. Nikaelewa kwamba Papa amekufa, na kwamba wao walikuwa wamemaliza, mimi sijaanza.

Kaka akaokota kofia chini, akaivaa tena taratibu. Akanitazama. Picha haikutikisika hata kidogo.

"Papa amelala," akasema.

Mume wangu akafungua mdomo. Nikambana mkono kwa kucha, kwa nguvu kabisa, akaufunga.

Mtu wa mjini ataniuliza kwa nini sikupiga kelele, kwa nini sikumwambia kaka, wee muongo, nimeona. Kwetu habari ya kifo ina miguu. Haitumwi kwa simu, haiandikwi kwa ujumbe, haipewi mpita njia. Anachaguliwa mtu mzima wa ukoo, anatembea, anaingia nyumbani mwako, anakaa, anakunywa maji, halafu anaitoa kwa mdomo wake huku amekushika. Kabla hajafika, wewe hujui. Hata ukijua, hujui. Anayelia kabla ya kuambiwa anaita kifo cha pili, hivyo tulifundishwa, na mimi nilikuwa na watoto ndani ya nyumba. Kaka hakuwa ananidanganya. Alikuwa ananishikia mahali mpaka mtu wangu afike.

Kwa hiyo nikamuuliza habari ya ng'ombe. Akasema wako vizuri, mmoja amezaa. Nikauliza rangi ya ndama. Nikamwinua mtoto ili wamuone, wakampigia makofi, akajificha kwenye shingo yangu. Tukaongea robo saa bila kukatika, mazungumzo marefu kuliko yote ya mwaka ule. Mke wa kaka alikuwa anatabasamu huku machozi yanamtoka, na mimi nikamwambia moshi wa kwenu huko ni mkali, akaitikia, ndiyo, ni mkali.

Simu ilipozimika mume wangu alibaki ameshika mkono wake mahali nilipombana. "Pole," akasema.

"Pole ya nini?" nikamjibu. "Mimi hakuna kitu nimeambiwa."

Yeye ni wa Walikale, lakini aliishi nasi vya kutosha. Akaenda kumvua mtoto gauni.

Siku zilizofuata nilifanya kama mtu anayengoja mgeni. Nilinunua sukari. Nilifua mashuka ya kitanda cha ziada. Nilikwenda kazini, nikaandika orodha, nikarudi. Dirishani kisanduku kipya kilikuwa kinawaka taa yake ya kijani, na intaneti ilikuwa nzuri, watoto wakubwa walitazama vikatuni, mume wangu alitazama mpira wake. Nilikuwa napika na sisikii chumvi. Jirani alinisalimia sokoni, "Habari ya kwenu?" nikamjibu, "Nzuri," na kwa kawaida yetu sikuwa nimesema uongo. Wakati mwingine nilijiuliza kama siku mjumbe akifika nitakuwa na kitu cha kumpa. Nilikuwa naogopa hilo kuliko habari yenyewe. Kwamba atafunga safari yote hiyo, aseme neno, na mimi nimtazame tu kama ninavyotazama ukuta.

Siku ya tisa, mchana, nikiwa naanika nguo uani, nikasikia hodi. Alikuwa shangazi, mdogo wake Papa, ameshika viatu mkononi, miguu imevimba mpaka vifundo havionekani. Sikuuliza kitu. Nilimletea maji ya kunawa, halafu maji ya kunywa, halafu chai ya maziwa. Akanywa yote bila haraka. Mimi nikakaa chini kwenye mkeka mbele yake.

"Niitie mutoto," akasema.

Nikamwita. Shangazi akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, akamwangalia. Paji la uso, pua, masikio, akamfungua na mdomo akaona meno. Mtoto wangu hapendi wageni, lakini siku hiyo alisimama kimya. Ilichukua muda mrefu. Halafu shangazi akasema, "Sawa, aende acheze," akanishika mikono yote miwili.

"Papa yako alituacha."

"Lini?"

"Wakati tulikuwa tunang'oa maharage."

Nilihesabu nyuma. Maharage yalikuwa yameng'olewa kabla sijaingia kwenye ofisi yoyote. Siku niliyosimama mbele ya dada wa kucha za zambarau nikiuliza kama rezo inashika kwetu, Papa alikuwa ameshazikwa. Mafua, mvua, ndama, vyote vilikuwa vya marehemu.

"Nilitoka mara mbili," shangazi akasema. "Mara zote mbili njia ikanirudisha kabla ya Sake. Wazee bakasema tumalize matanga, watu bana njaa, kazi zinangoja. Sasa nikapita upande wa Kirotshe, nikavuka ziwa na boti. Hili neno nimelibeba mpaka limenichubua mugongo." Akajikanda miguu. "Kaka yako anasema uliona vichwa."

"Niliona."

"Na haukulia?"

"Hakuna muntu aliniambia."

Akaitikia kwa kichwa, akasema nililelewa vizuri. Akangoja. Nami nikangoja pamoja naye. Niliangalia ndani yangu nikakuta ule mguu wa ganzi, na nikaona haya mbele ya miguu yake iliyovimba. Nje mume wangu alikuwa amesimama karibu na ngazi, hajui aingie ao abaki.

"Shangazi, rudia," nikasema.

Hakushangaa. "Papa yako alituacha," akasema, kwa maneno yale yale, kwa sauti ile ile. Sikusikia kitu.

"Rudia tena."

Akanikaza mikono. "Papa yako alituacha. Mpaka siku ya mwisho alikuwa anauliza huyo mutoto iko na uso ya nani."

"Iko na yake," nikasema, na njo nikalia.